Zamu ya Kwanza ya Wembe

Mimi watu siwaogopi. Waulizeni waliopata kuuza chakula soko la Bagamoyo miaka ile ya mwanzo ya Azimio, watawaambia nilivyokuwa na mdomo. Kuna karani wa soko aliyekuja siku moja kutuhamisha na meko yetu, nikamtolea maneno mpaka akasahau alichofuata. Maradhi ndiyo yaliyokuwa yakinitia hofu, tangu utoto. Mtu akikohoa karibu yangu, nahama. Akitajwa mgonjwa wa mtaa wa pili, najipapasa shingo kutafuta homa. Mama yangu alikufa tumbo limevimba na macho yamegeuka rangi, mimi msichana wa miaka kumi na moja, na hakuna aliyenieleza kilichomuua zaidi ya kuniambia ni amri ya Mungu. Tangu hapo nikawa mtu wa kuyakimbia maradhi, nikidhani yana miguu na mimi nina mbio kuyashinda.

Nilikuwa nauza mbaazi za nazi. Jirani yangu wa jiko alikuwa akiuza maandazi, naye ndiye aliyekuwa shoga yangu wa kufa na kuzikana. Mbaazi bila maandazi haziendi, kila mtu wa pwani anajua, kwa hiyo wateja walianzia kwake na sahani wakaishia kwangu kumwagiwa. Chini ya bati lile tulikuwa wanawake wanne: sisi wawili, mmoja wa samaki wa kukaanga, na mmoja wa uji na mihogo. Mtungi wetu wa maji ulikuwa mmoja, na kata ya kunywea moja, imetundikwa kwenye msumari. Aliyeona kiu alichota, hakuna aliyeuliza mdomo wa nani ulitangulia. Mimi nikigombana na mteja, shoga yangu alimwongezea andazi moja juu, mteja akaenda zake anacheka. Ndivyo tulivyoishi.

Sasa kazi ya moto ina maumivu yake. Unakaa kwenye kigoda tangu alfajiri, uso unaungua, mgongo unapigwa na upepo, ikifika adhuhuri viuno vimekaza, huwezi kunyanyuka bila kushika nguzo. Sisi tuliamini damu inaungua, inakuwa nyeusi, inalala mgongoni. Kwa hiyo kila mwaka, mwezi wa Shaabani, kabla Ramadhani haijaingia na meko ya mchana hayajazimwa, tulimwita bibi mmoja wa Kikwere kutoka upande wa Fukayosi aje kutupiga chuku. Anakuchanja mgongoni kwa wembe, mikato midogo midogo, kisha anabandika pembe ya ng'ombe iliyotobolewa nchani. Anafyonza hewa kwa mdomo, anaziba kitundu kwa nta, na pembe inang'ang'ania hapo inajaa damu. Ikitolewa unajiona mwepesi. Bibi yule hakuwa mchafu, na sitaki mtu amseme vibaya. Kitambaa chake cheupe alikifua na kukichemsha mwenyewe, na pembe zake alizisuuza kwa maji ya chumvi. Wembe ulikuwa mmoja, wa sote. Aliufuta kwa kitambaa kila alipomaliza mtu.

Zamu ya kwanza ilikuwa yangu siku zote. Wembe ukiwa mpya haukwaruzi, ukifika kwa mtu wa nne unararua, na mimi sikuwa tayari kuraruliwa. Wenzangu walizoea.

"Haya, mpisheni mke wa liwali," alisema yule wa samaki.

Nami nilipita na kukaa, tena bila haya.

Shoga yangu miaka yote alikataa. Damu ilimtia kizunguzungu, hata kuku hakuweza kumtazama akichinjwa. Mwaka ule nilimwandama. Kila alipojishika kiuno nilimwambia, huo mgongo umeutaka mwenyewe. Nilimwambia, umezaa watoto wawili, leo unaogopa kiwembe? Nilimcheka mbele ya wateja. Mwisho akachoka na maneno yangu, akakubali. Siku ilipofika nilikaa mimi kwanza kama kawaida, nikachanjwa, nikavuta pumzi, nikainuka. Yeye akakaa kwenye kigoda kile kile, akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili na kufumba macho. Bibi akaufuta wembe, upande huu na upande ule, akamchanja. Kilio hakikumtoka. Baadaye tulikula wali sinia moja, akanitania kwamba kumbe wembe ni mwepesi kuliko ulimi wangu.

Ramadhani ikapita, Iddi ikapita. Katikati ya Mfungo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, shoga yangu akaanza kuchukia mafuta. Muuza maandazi anayechukia harufu ya mafuta, hebu fikirini. Alikuwa akiligeuza andazi kwenye karai, ghafla anaweka mwiko chini na kukimbilia nyuma ya banda kutapika. Sisi tulijua, au tulidhani tunajua. Wa uji akampelekea embe bichi na chumvi. Wa samaki akamuuliza kama safari hii anataka wa kike au wa kiume.

"Muulizeni mume wangu, yeye ndiye anayejua zaidi," akajibu, nasi tukacheka.

Asubuhi moja jua lilikuwa linaingia kwa upande, chini ya bati. Aliinua uso kuniuliza kama mbaazi zangu zimeiva. Weupe wa macho yake ulikuwa wa manjano.

Niliyajua macho yale. Ndiyo niliyoyaona kwa mama yangu. Nikajishika kwenye nguzo. Alikuwa ananitazama akingoja jibu la mbaazi. Nikamwambia bado.

Nilikuwa na mtoto wa titi wakati ule, binti yangu wa miezi mitano. Siku ile nilirudi nyumbani nikajiosha kwa majivu na ndimu kabla ya kumgusa. Shangazi yangu, aliyenilea baada ya mama, nilipomweleza alitikisa kichwa.

"Ugonjwa ule unakwenda kwa mate," akasema. "Kikombe, sahani, andazi aliloshika. Usile naye. Usimpelekee mtoto. Na wala usimwambie, utamvunja moyo."

Kesho yake nikachukua kioo cha mume wangu cha kunyolea, nikatoka nacho uani, nikavuta kope ya chini kutazama macho yangu. Nikayaona meupe. Nikamtazama na mtoto, meupe. Basi ikawa ndiyo kazi yangu ya kila siku baada ya sala ya alfajiri, kioo na kope, kioo na kope, hata mume wangu akasema nitajitoboa jicho. Hofu ile ilikaa hapa, chini ya kifua, kama tonge lililokwama. Nilikuwa nikimnyonyesha mtoto na kulia, nikihofu maziwa yangu.

Siku ya tatu nilikwenda sokoni na kata yangu mwenyewe. Nilifunga uzi mwekundu kwenye mpini nisije nikakosea, nikaitundika kwenye msumari wa pili. Shoga yangu alikuja kuchota maji, akaiona. Akaishika, akaugeuza ule uzi kwa kidole, akairudisha palepale.

"Hii ya nani?"

"Yangu."

"Ya siku zote imevuja?"

"Shangazi kanipa," nikasema. Uongo mtupu.

Akanitazama na macho yale. Aliitoa kata ya zamani msumarini, akaenda nayo jikoni kwake na kuiweka kando ya karai.

"Basi hii niachieni mimi," akasema polepole, "msije mkapata tabu."

Nikainamia chungu changu cha mbaazi. Wenzetu wawili walijifanya wanachochea kuni. Tangu hapo akawa anakunywa peke yake, na kabla ya wiki kwisha wateja nao walikuwa wameshaambiana. Maandazi yake yalilala. Mbaazi zangu nazo zililala, maana nani atakula mbaazi mikono mitupu, na Mungu anisamehe, nilimkasirikia yeye.

Bwana afya akaja. Akamvuta kope kama nilivyokuwa nikijivuta mimi, akamwambia aende hospitali, na asiuze chakula mpaka apone. Sisi wengine alituambia ni ugonjwa wa uchafu, wa maji na nzi, tuchemshe vyombo na tufunike vyakula. Hakukosea kutuonya, manjano ya namna hiyo yapo. Tulichemsha vyombo mpaka vikombe vya bati vikapoteza rangi. Kile kigoda chake tulikichoma moto. Mimi ndiye niliyeleta kiberiti.

Lakini kuchemsha vikombe hakukunituliza, nami nikawaza damu. Kama maradhi yalikwisha niingia, basi yatakuwa kwenye damu, na damu chafu dawa yake tunaijua. Nikawaambia wenzangu tumwite bibi wa Fukayosi, hata kama si Shaabani. Wakakubali, kila mmoja alikuwa akiogopa kivyake. Bibi alifika siku ya soko akiwa na kikapu chake.

"Shikamoo bibi," tukamwamkia.

"Marahaba wanangu. Nimechelewa, nimeanzia kwa mwenzenu. Mumewe kaniomba nimtoe ile damu mbaya. Hali yake si nzuri."

Nilirudi nyuma hatua mbili.

"Umekula kule, bibi?"

"Sijala."

"Hata maji?"

"Hata maji, mwanangu. Nimefunga leo."

Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Nikakaa, zamu ya kwanza, nikampa mgongo. Akafungua kikapu, akatoa kitambaa na wembe ule ule aliotoka nao kwa mgonjwa. Sikuutazama hata mara moja. Nilikuwa nimekwisha uliza nilichoona cha kuuliza, na roho yangu ilikuwa imetulia.

Siku chache baadaye shoga yangu akalazwa hospitali, kisha akarudishwa akawa kwa mama yake, nyuma ya msikiti. Sikwenda. Kila siku nilipata sababu: mtoto ana mafua, kuni zimelowa, mume ana wageni. Wenzangu walikwenda, wakarudi wakasema anakuulizia. Siku ya nane shangazi mwenyewe akaniambia, nenda, usije ukajuta, ila simama mlangoni. Nikamwachia mtoto na kwenda baada ya adhuhuri.

Nilisimama mlangoni kweli, nimeuziba mdomo kwa upande wa mtandio. Alikuwa amelala ubavu, ngozi imekuwa rangi ya bizari, anajikunakuna mikono. Mama yake alikuwa amekaa kitandani akimpepea. Akili ya shoga yangu ilikuwa imeanza kuhama. Alidhani tuko sokoni.

"Mbaazi zimeiva?" akaniuliza.

"Zimeiva, shoga."

"Njoo ukae basi. Wateja hao."

Mama yake akanitazama, akasogea kidogo kunipisha nafasi kitandani. Nikasema nimeacha chungu motoni. Nikageuka, nikaenda mbio mpaka kwenye kona, na pale kwenye kona nikatapika kwa hofu. Hata wakati natapika niliwaza ndiyo hayo, yameanza.

Alikufa kesho yake, saa tatu asubuhi, saa ambayo sokoni tulikuwa tunauza sana. Mwosha alipofika, mama wa marehemu akatoka uani akanitafuta kati ya wanawake. Alinishika mkono.

"Mwanangu, ingia umshikie maji mwosha. Wewe ndiye uliyekuwa naye zaidi ya ndugu."

Ni heshima kubwa ile, nanyi mnajua. Nikaangalia mkono wake juu ya wangu, nikawaza kwamba mkono ule umetoka kumshika yeye. Nikasema sina udhu, nina siku zangu. Mwenye siku zake hazuiwi kumwosha maiti wa kike, watu wazima wote pale walilijua hilo, naye alilijua. Akaniachia mkono. Akaingia mwenyewe, na ndani nikasikia maji yanamwagwa, kata baada ya kata.

Mimi sikuugua. Mwezi ulikwisha, mwaka ukaisha, kioo cha mume wangu hakikunionyesha kitu. Wenzangu wawili nao hawakuugua. Nilirudi kwenye mbaazi, mtu mwingine akaja kuuza maandazi, nikazaa wengine watatu. Nikajisemea kwamba nimeokoka kwa sababu ya akili zangu, kwa ile kata na ule mlango. Nikiwa na hasira na mtu nilikuwa nikilitaja kabisa, kwamba mimi ndiye niliyekuwa mwangalifu.

Miaka ikapita, miaka ya foleni za sukari tayari, mdogo wangu wa kike akalazwa Dar es Salaam kupasuliwa tumbo. Ndugu tukaambiwa tutoe damu. Mimi mnene, mwenye nguvu, nikajitolea wa kwanza, ndiyo tabia yangu. Wakachukua kidogo kupima. Nikakaa kwenye benchi tangu asubuhi. Baadaye daktari kijana akaniita kwenye chumba, akafunga mlango. 

"Mama, damu yako hatuwezi kuitumia," akasema. "Kuna kipimo kimekuja siku hizi. Una ugonjwa wa ini ndani ya damu. Ule wa manjano."

"Mimi sijapata kuumwa manjano."

"Wengi wanao na hawaumwi. Unakaa kimya, na wengine huja kuwaumiza baadaye."

Nikamweleza habari ya shoga yangu, maneno yakinitoka kwa fujo. Nikamwambia nilichemsha vikombe, nilikunywa na kata yangu. Akanisikiliza vizuri, alikuwa na adabu.

"Huu hauendi kwa vikombe, mama. Huu unakwenda kwa damu. Hamkuwahi kuchanjwa kwa wembe mmoja?"

Nikapeleka mkono mgongoni. Kisha nikamrukia kwa haraka, nikasema ndiyo, bibi alitoka kumchanja yeye akaja akanichanja mimi, basi ndipo nilipoupata. Nilisema hivyo karibu kwa furaha. Mtanisamehe, mtu anayezama hushika hata jani.

"Inawezekana," akasema. "Ila mtu mzima akiupata, anaweza kuugua au hata asijue, na mara nyingi mwili unaushinda, mmoja mmoja ndiye anayekufa. Anayebaki nao miaka yote hivi, mara nyingi tunadhani aliupata mdogo. Kwa mama yake, pengine. Mama yako yuko hai?"

Nikamwambia alivyokufa. Akaandika, kisha akauliza nina watoto wangapi.

Niliporudi nilikaa dirishani mwa basi, na tulipokuwa tunapita Zinga, minazi na vibanda vya muhogo pembeni, ndipo kichwa kilipoipanga ile siku ya Shaabani. Hakuna aliyenisaidia kuipanga. Kigoda. Mimi nainuka. Yeye anakaa, anafumba macho, mikono yake miwili juu ya mkono wangu. Wembe unafutwa upande huu na upande ule. Hakuwa amewahi kuchanjwa kabla ya hapo maisha yake yote, na aliyemtangulia siku ile nilikuwa mimi.

Watoto wangu walipimwa wote wanne. Yule aliyekuwa wa titi wakati ule ndiye aliyeonekana nao. Ni mzima, anacheka, anapika, nami natazama macho yake kila asubuhi na yeye anadhani namwonea wivu uzuri wake.

Baada ya majibu yale sikuweza kuishi na jambo lile peke yangu. Mama wa marehemu alikuwa bado hai, amehamia Zinga kwa mwanawe wa kiume. Nikaenda, nimejipanga kusema yote. Nilimkuta kibarazani anachagua mchele.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekonda. Kuna nini?"

Nikaanza kwa kumweleza hospitali, damu, kipimo. Nikamwambia ugonjwa uliomchukua binti yake na mimi ninao. Nilikusudia niendelee, nifike kwenye wembe. Akaweka ungo chini.

"Basi na wewe unaumwa," akasema. "Na mimi nilikuona una moyo mgumu, kumbe ulikuwa na hofu ya haki."

Akainuka kwa shida, akaenda mtungini, akachota maji. Akanywa yeye kidogo, kisha akanipa kata ile ile, bila kuifuta.

"Kunywa, mwanangu. Mimi sikuogopi."

Nikaipokea kwa mikono miwili, nikanywa maji yote. Kisha nikaaga. Nani alitangulia kwenye wembe sikumwambia, niliogopa, na yule mama amekwisha kufa.